Mfuo Usiokuwamo Kitabuni

Nimesahau karibu mifupa yote. Mtu akiniuliza leo jina la kifupa cha kiganja, nitamjibu kwamba nilisomea mambo mengine, na hilo litakuwa kweli, maana baadaye nilikwenda chuo kikuu nikasoma falsafa, elimu ambayo haijawahi kumfunga mtu bandeji. Lakini mwanzoni mwa miaka ya hamsini, kwa miaka mitatu hivi, nilikuwa mwanafunzi wa udresa, kazi ya kusafisha na kufunga vidonda, katika hospitali moja mjini Nakuru, na niliijua mifupa kama wengine walivyojua Zaburi: kwa moyo, na bila kuelewa sana.

Aliyetufundisha alikuwa daktari Mzungu, mrefu, mwenye kuinamisha shingo kana kwamba milango yote ya dunia ilijengwa kwa ajili ya watu wengine. Alikaa Milimani, na kila asubuhi alishuka kwa miguu akiwa na vumbi la magadi ya ziwani kwenye viatu vyake vyeusi. Somo lake lilikuwa moja. Mfupa, alisema, si kijiti. Ukiupapasa utakuta vinundu, matundu, kingo na mifuo, na hakuna hata kimoja kilichowekwa kwa urembo. Kinundu ni pale msuli unaposhika ili uvute. Tundu ni njia ya mshipa. Mahali laini panapong'aa ni pa kiungo, mfupa mmoja unapotelezea juu ya mwingine. Mfuo ni kitanda cha kitu kirefu, mkano au mshipa, ili kilale bila kuhama.

Siku ya kwanza alituamuru tubonyeze nyuma ya kiwiko, upande wa ndani, mpaka kidole cha mwisho kife ganzi. "Ganzi hiyo ndiyo jibu," alisema. "Ukiisikia, umeupata mfuo." Niliipata mara moja. Katika darasa lile hakuna kitu kingine nilichokipata kwa haraka hivyo.

Mifupa yetu ilikaa ndani ya sanduku la chai. Ilikuwa ya mtu mmoja, au ya watu wawili waliozoeana, maana paja moja lilikuwa refu kuliko jingine. Fuvu halikuwamo. Fuvu lilikaa kwenye kabati la kioo ofisini kwa daktari, na lilitolewa siku ya mtihani tu, kwa sababu wanafunzi wa mwaka uliotangulia walilivunja jino. Kwa hiyo habari za kichwa tulizisoma katika kitabu kimoja tulichopokezana, na kila mmoja alinakili alichoweza kabla hajanyang'anywa.

Inafaa niseme kwa nini mtihani huo ulikuwa mzito kwangu kuliko kwa mwenzangu wa kitanda cha pili, kijana wa Kikipsigis aliyekuwa hodari wa kuiga sauti za wakubwa. Serikali ya kikoloni ilikuwa imetangaza hali ya hatari kwa sababu ya Mau Mau. Sisi Wakikuyu wa Bonde la Ufa tulikuwa tukipakiwa kwenye malori na kurudishwa kwetu, na kwetu maana yake ilikuwa mahali ambapo wengi wetu hatukuwahi kulala hata siku moja. Aliyekuwa na kazi yenye karatasi alibaki. Karatasi yangu ilisema kwamba mimi ni mwanafunzi wa hospitali. Mwenzangu akishindwa mtihani, angerudi kwa ng'ombe wa baba yake. Mimi nikishindwa, karatasi ingechukuliwa, nami ningepanda lori.

Basi nilihitaji kichwa cha kusomea, na kichwa nilichokuwa nacho kilikuwa cha nyanya yangu.

Nyanya alikaa Njoro, katika kambi ya wafanyakazi wa shamba la mlowezi mmoja aliyelima ngano na pareto. Ndiye aliyenilea. Mama alifariki nikiwa mchanga, na baba alikwenda Tanganyika kutafuta kazi, akaipata nadhani, maana hakurudi. Kwa desturi yetu mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu yake mzaa baba, na mimi nilipewa, kwa hiyo kwa nyanya nilikuwa mume wake aliyerudi akiwa mdogo na asiye na adabu. Aliniita mume wangu mbele ya watu. Alinilaumu kwa uvivu wa marehemu. Mama mzazi huwezi kumpapasa kichwa ukiwa mtu mzima uliyetahiriwa. Ungeonekana umerukwa na akili. Nyanya ni mke. Nyanya unaweza.

Jumapili ya ruhusa nilipanda treni hadi Njoro, nikamketisha juani kwenye kigoda, nikafungua daftari.

"Nyanya, geuza kichwa."

"Mume wangu, watu watasema umeanza kunitafuta chawa."

"Natafuta mfupa ulio nyuma ya sikio."

"Ukiupata?"

"Huo ndio unaoshikwa na msuli wa kugeuza shingo."

"Basi uambie ushike vizuri. Juzi uliniacha njiani na kuni mgongoni."

Nikaupata. Nikapata na kinundu cha kisogoni, na ukingo wa juu ya jicho wenye tundu dogo ambalo ukilibonyeza mtu anakunja uso. Alikunja uso. Alisema marehemu babu hakuwahi kumgusa hivyo, na kama angejaribu angepigwa na mwiko.

Kisha kidole changu kikazama. Juu kidogo ya mahali nywele zinapoanzia, kutoka upande mmoja wa kichwa hadi wa pili, kulikuwa na bonde la upana wa vidole viwili, laini, bila nywele. Nilikuwa nimekiona kichwa hicho maisha yangu yote na sikuwahi kuliona.

"Na hapa?"

"Hapo ni pa mukwa."

Mukwa ni ukanda wa ngozi ambao wanawake wetu hubebea mzigo. Mzigo hukaa mgongoni, na ukanda hupita juu ya kichwa, hivyo anayebeba hasa ni shingo. Nyanya alianza kubeba kuni akiwa na umri wa kupoteza meno ya kwanza. Kwa hesabu yake mwenyewe hakuwahi kupumzika ila siku za kuzaa, na si zote.

Hapa ndipo akili yangu ya kisomi ilipofanya kazi. Nilikuwa nimefundishwa kwamba kila mfuo una kazi yake. Mfuo ulikuwa huu hapa. Kazi yake ilionekana wazi. Kama haukuwamo katika maandishi yangu, bila shaka ulikuwa katika ule ukurasa ambao mwenzangu alininyang'anya kitabu kabla sijaunakili. Hata hivyo nilikuwa mwanafunzi mwangalifu, kwa hiyo nikakiomba na kichwa cha jirani yake, bibi aliyekuwa akipepeta maharagwe. Akacheka, akainama. Alikuwa nao. Vichwa viwili kati ya viwili. Nikaandika: Mfuo wa ukanda. Kazi: kuzuia ukanda wa mzigo usiteleze. Kichwa changu mwenyewe sikukipapasa. Mwanafunzi hujiona msomaji, hajioni kitabu.

Siku ya mtihani daktari aliliweka fuvu juu ya taulo. Nilisimama nikataja vyote kwa mpangilio, kutoka kisogoni kuja mbele, kila kinundu na msuli wake, kila tundu na mshipa wake. Alitikisa kichwa kwa kukubali. Ningenyamaza hapo ningefaulu.

"Mwisho," nikasema, "ni mfuo wa ukanda."

"Wa nini?"

"Wa ukanda, daktari. Huzuia ukanda usiteleze."

Akalisukuma fuvu kuelekea kwangu. "Nionyeshe."

Nikapitisha kidole. Palikuwa laini kama kibuyu. Nikapitisha tena, polepole, kama mtu anayetafuta sarafu aliyojua ameiweka mfukoni. Nyuma yangu mwenzangu alikohoa kikohozi ambacho hakikuwa ugonjwa. Mtu mwenye busara angesema amekosea. Mimi nilisema, "Huyu hakubeba kitu."

Daktari hakucheka. Aliuliza nimeuona wapi mfuo huo. Nikamwambia kwenye kichwa cha nyanya yangu, na cha jirani yake. Aliugusagusa utosi wake mwenyewe.

"Mlete," alisema. "Alama zako nitaziandika baadaye."

Kuanzia siku hiyo bwenini niliitwa Bwana Mfuo. Mwenzangu aliinamisha shingo kama daktari, akapita kati ya vitanda akisema, "Bwana Mfuo, nionyeshe." Nilicheka pamoja nao. Sikumbuki kama nilichekeshwa.

Nyanya alikuja Nakuru kwa treni akiwa amevaa shuka jipya, akakaa kwenye kiti cha ofisi kama mtu aliyealikwa arusini. Daktari alimsalimu kwa Kiswahili cha mashambani, kile kilichojaa amri. Kaa. Angalia huku. Ngoja. Alimpima kichwa kwa chombo chenye miguu miwili kama buibui aliyevunjika. Akaweka kidole katika bonde lile na kukiacha humo muda mrefu. Akampeleka kwenye mashine ya eksirei, lakini nyanya aliambiwa asipumue na jambo hilo likamchekesha, picha ikatoka kama ukungu wa Molo.

Daktari aliishika picha dirishani, akahamia Kiingereza.

"Swali langu ni moja tu," aliniambia. "Ni ngozi iliyobonyea, au ni mfupa? Picha haisemi. Mfupa wenyewe mkononi ungesema. Muulize kama atakubali, akishafariki, hospitali ibaki na kichwa."

Alisema kwa upole, naye hakuwa mtu mbaya. Ningependa angekuwa, kwa faida ya habari hii. Aliongeza kwamba angeandika barua ya kueleza kuwa mama huyu yuko chini ya uangalizi wa hospitali, hivyo asihamishwe Njoro. Na kuhusu mtihani wangu, alisema haoni sababu ya kunichelewesha.

Nikamgeukia nyanya. Aliniangalia, akaliangalia kabati la kioo, akarudi kwangu.

"Anasemaje?"

"Anauliza kama kichwa huuma."

"Kichwa hakiumi. Shingo ndiyo huuma. Kama ana dawa ya shingo, nakubali."

"Amekubali," nikamwambia daktari.

Nimejaribu mara nyingi kukumbuka nilivyojisikia wakati huo, kwa sababu watu wanaosoma maandishi ya mtu wa rika langu wanapenda kuambiwa kwamba moyo ulimpasuka. Ninachokumbuka ni wino wa zambarau wa kupigia dole kwenye barua ile, na kwamba dole gumba la nyanya lilikuwa na sugu kiasi kwamba alama yake haikuwa na mistari, ilikuwa doa tu. Daktari aliomba arudie. Akarudia. Likatoka doa lile lile.

Wiki chache baadaye nyapara wa shamba alipitisha habari: Wakikuyu wote wa kambi ile wangeondoka Ijumaa. Niliomba ruhusa ya nusu siku. Nilipofika Njoro malori mawili yalikuwa tayari kando ya ghala la pareto, na watu walikuwa wakipanda bila kelele, kama wanaopanga foleni ya posho. Askari mmoja alikuwa na orodha. Nyanya aliketi juu ya furushi lake mbele ya nyumba, mukwa umefungwa tayari.

"Wewe una barua," nikamwambia. "Iko wapi? Mwonyeshe askari."

"Nilimwonyesha. Amesema mimi naweza kubaki."

"Basi."

"Jirani yangu hana barua. Yule wa maharagwe." Akaitoa karatasi kifuani, imekunjwa mara nne. "Askari aliisoma akaniangalia kichwa. Akaisoma tena, akaniangalia kichwa. Nisomee."

"Nilishakuambia. Inasema usihamishwe."

"Hiyo ni juu. Nisomee mpaka chini."

Barua ilikuwa na aya mbili. Nikasoma ya kwanza. Nikasoma ya pili, kwa lugha yetu, neno kwa neno, nikiwa mkalimani mwaminifu kwa mara ya kwanza. Alisikiliza huku akiondoa majani makavu kwenye shuka.

"Nilijua," alisema. "Alivyokuwa akinipima alikuwa akiangalia kabati, kama mtu anayepima mlango wa stoo. Nilitaka kujua kama utasema." Akakunja uso, si kwa hasira, kama siku ile nilipombonyeza juu ya jicho. "Kwa hiyo ulipata nini?"

"Nilifaulu mtihani."

"Hayo ndiyo mahari yangu. Marehemu alinitolea mbuzi, na watu wakasema ni wachache."

Askari alianza kuita majina ya waliobaki.

"Chini hapa pakikatwa?" aliuliza.

"Sahihi ya daktari iko chini. Na dole lako. Bila hiyo ni karatasi tu."

"Na mimi nimebatizwa," alisema, akifikiri. "Siku ya kufufuka wenzangu wataamka wakanyoosha mgongo waende zao. Mimi nitapapasa papasa, nikumbuke kiko Nakuru, kwenye kabati. Ufunguo atakuwa nao nani?"

"Sitakubali wakichukue, Nyanya."

"Utamwambia nini? Kwamba kinauma?"

Nilimweleza basi kama mtu mwenye elimu. Kwamba huko anakokwenda hana shamba, hana nyumba, hana hata anayemfahamu. Kwamba hapa ana paa, na mimi niko karibu, na daktari ni mtu wa maneno yake. Kwamba kifo kiko mbali na mambo yatabadilika. Nilipanga hoja zangu vizuri, moja baada ya nyingine, kutoka kisogoni kuja mbele. Alinisikiliza mpaka mwisho, ndipo akaiweka barua mkononi mwangu, akazikunja vidole vyangu juu yake.

"Mrudishie. Mwambie nimeshukuru kwa habari ya shingo."

Kisha akachuchumaa kwa kuupa mgongo ule mzigo. "Niinulie."

Mwanamume wa kwetu hashiki mzigo wa mukwa. Nilikuwa sijawahi kujua uzito wake. Niliuinua kwa mikono yote miwili, na yeye akauvuta ukanda juu ya kichwa bila kuangalia, bila kupapasa, ukaenda wenyewe mahali pake ukalala. Akasimama. Misuli miwili ya shingo ikatokeza, ile inayoshika nyuma ya sikio. Ningeweza kukutajia majina yake.

"Usioe mwingine kabla hujaja kuniona," alisema.

Alikwenda hadi kwenye lori akiwa ameinama, akawapita vijana wenye mabegi ya mkononi. Askari alitaka kumpokea mzigo ili apande kwanza, akakataa, wakapandishwa pamoja. Jirani yake alisogea kumpa nafasi. Lori liliondoka. Nilibaki nimesimama karibu na ghala, nikisikia harufu ya pareto, na nakumbuka niligundua kwamba nilikuwa nimeegemea ukuta kwa kiwiko, na kidole cha mwisho kimekufa ganzi. Nikahama upande. Treni ya kurudi ilikuwa saa tisa.

Jumatatu nilimpelekea daktari barua. Aliisoma kana kwamba haikuandikwa naye.

"Amekwenda?"

"Amekwenda, daktari."

"Kwa hiari yake?"

"Kwa hiari yake."

Aliiweka kwenye droo, si kwenye takataka. Nilingoja aninyang'anye alama zangu, lakini hakufanya hivyo. Mtu wa maneno yake, kama nilivyosema. Nilibaki na karatasi yangu na kitanda changu. Bwenini waliendelea kuniita Bwana Mfuo mpaka utani ukachoka wenyewe.

Nyanya aliishi huko miaka miwili. Sikwenda kumwona, kwa kuwa nilihitaji kibali, na nilipopata kibali nilikuwa na mtihani, na baada ya mtihani nilikuwa na sababu nyingine ambayo nimeisahau. Habari ya kifo chake ililetwa na mtoto wa jirani wa maharagwe. Alisema alizikwa vizuri, kanisani kwao, akiwa amevaa shuka lile la Nakuru. Nilimuuliza kama alikuwa mzima. Aliniangalia kwa mshangao, akasema hapana, alikuwa amekufa.

Daktari aliniuliza mara moja tu, siku niliyokwenda kumuaga kwa sababu nilikuwa naacha udresa. Alikuwa akilifuta fuvu vumbi.

"Yule mama," alisema. "Wewe uliweka kidole pale mara nyingi kuliko mimi. Unadhani ni ngozi, au mfupa?"

Nilimwambia sijui. Alisubiri, kama anavyosubiri mtu aliyezoea wanafunzi kukumbuka jibu wakiwa mlangoni. Sikukumbuka. Mpaka leo sijui, na kwa kadiri ninavyofahamu hakuna anayejua. Hospitali ile iliachiwa swali badala ya kichwa. Huo ndio mchango pekee wa ukoo wetu katika elimu ya mifupa, na mimi sikuutoa. Mimi niliinua mzigo tu.